Maradhi Hayaogopi Daftari

Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, taifa lilitajiwa maadui watatu wa kupigana nao: ujinga, maradhi na umaskini. Maneno hayo yamerudiwa mara nyingi majukwaani na madarasani, hata yamekuwa mfano wa kiitikio cha wimbo: kila mtu hukiitikia, wachache hukifikiri. Napenda tukifikiri. Kwa nini maradhi yaliwekwa safu moja na ujinga? Yaliwekwa hivyo kwa sababu sehemu kubwa ya maradhi yanayotusumbua haitokani na kudra peke yake. Hutokana na kutojua. Au, jambo lililo baya zaidi, hutokana na kujua pasipo kutenda.

Shule zetu zimefanya kazi kubwa ya kuondoa kutojua, nami sitaki kuzinyima sifa hiyo. Lakini katika hili la pili, la kujua pasipo kutenda, nathubutu kusema kwamba shule nyingi zimekuwa mwalimu mbaya. Zinafundisha maradhi kuwa habari ya kujibiwa katika mtihani, wala hazifundishi afya kuwa mwenendo wa maisha. Na kwa kuwa mwenendo wa watu ndio utamaduni wao, kushindwa huku hakuwezi kutwikwa Bwana Afya peke yake. Ni kushindwa kwa utamaduni, na wenye kuulizwa ni sisi sote tunaojiita walezi wa utamaduni.

Najua wapo watakaoshangaa kuona habari za choo na sabuni katika kitabu cha utamaduni. Hao hudhani kwamba utamaduni ni ngoma, vinyago, mashairi na mavazi ya sikukuu. Ngoma ni utamaduni, hapana shaka. Lakini mcheza ngoma aliyenyonywa damu na safura atapata wapi pumzi ya kuicheza? Utamaduni ni jinsi watu wanavyokula, wanavyolala, wanavyolea watoto, wanavyompokea mgeni na wanavyomzika maiti wao. Katika pwani yetu, na katika sehemu nyingi za bara, mgeni alipoketi chakulani hakusukumiwa bakuli achovye vidole. Alisimamiwa na kijana mwenye birika, akamiminiwa maji mikononi, na maji yale machafu yakaangukia chomboni yasiguswe tena. Wazee wale hawakuwa na darubini ya kuonea vijidudu, lakini adabu yao ililingana na yale yanayosemwa leo na kila mtaalamu wa afya: nawa kwa maji yanayotiririka. Sisi wajukuu wao, wenye darubini na vyeti, ndio tunaoweka beseni moja mbele ya watu kumi, wa kwanza akanawa maji na wa kumi akanawa uchafu wa tisa.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kila kilichorithiwa ni chema. Katika sehemu mbalimbali za Afrika ambako kichocho cha mkojo kimezagaa, mvulana aliyekojoa damu alihesabiwa kuwa amepevuka, na nyumba yake ikafurahi badala ya kumtafutia dawa. Zipo jamii ambamo ni mwiko mkwe kutumia choo kimoja na mkwewe, na kwa heshima hiyo mmoja wao huenda vichakani. Heshima ni jambo jema. Bali heshima inayopeleka kinyesi kwenye chemchemi ya kijiji inahitaji kutafutiwa njia nyingine ya kuonyeshwa. Kuchambua namna hii, kushika kilicho chema na kuacha kinachodhuru, ndiyo kazi ya utamaduni wa taifa lililo hai. Na mahali pa kuifanya kazi hiyo kabla mtu hajakomaa ni shule. Samaki mkunje angali mbichi.

Hebu tuchukue ugonjwa mmoja tuutazame kwa makini, nao ni kichocho. Nimeuchagua kwa sababu unawapenda mno watoto wa shule, na kwa sababu nchi yetu ni miongoni mwa nchi za Afrika zilizolemewa nao kupita nyingine. Kipo kichocho cha mkojo, kinachojulikana sana Unguja, Pemba na sehemu nyingi za bara. Na kipo kichocho cha matumbo, kinachowasumbua hasa watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Mnyoo wake si siri mpya. Daktari Mjerumani, Theodor Bilharz, alimgundua huko Kairo, Misri, mwaka 1851. Mwendo wake pia unajulikana hatua kwa hatua. Mayai hutoka kwa mgonjwa pamoja na mkojo au kinyesi. Yakifika katika maji baridi huanguliwa, na kijidudu kinachotoka humwingia konokono. Ndani ya konokono huzaana, kisha hutoka maelfu kwa maelfu, wakaogelea wakimtafuta binadamu. Ngozi ya mtoto anayeoga, anayevua au anayechota maji hutobolewa kwa dakika chache, bila ya yeye kuhisi. Minyoo hukua, hukaa katika mishipa ya damu miaka mingi, na mayai yake yanayokwama mwilini ndiyo yanayoharibu kibofu, matumbo na ini.

Muulize mwanafunzi wa sekondari habari hizi. Aghalabu atakuchorea duara zuri ubaoni: mtu, maji, konokono, maji, mtu. Atalipaka rangi, ataweka mishale, atapata alama zake zote. Kisha kengele italia, naye atatoka darasani kwenda kujisaidia. Ataenda wapi?

Hapo ndipo penye shauri. Kanuni inayotumika nchini mwetu ni kwamba shule iwe na tundu moja la choo kwa wasichana 20, na tundu moja kwa wavulana 25. Kila mwalimu anaijua kanuni hiyo, na kila mwalimu anajua pia ni shule ngapi katika tarafa yake zinazoitimiza. Palipo na watoto mia kwa tundu moja, lisilo na mlango, lisilo na maji, lililojaa hadi juu, mtoto mwenye akili timamu atakwenda kichakani au mtoni. Hapo atalikamilisha kwa mwili wake lile duara alilolichora kwa chaki. Ubao umesema neno moja, na choo kimesema jingine. Na mtoto, kama mtu yeyote, husadiki zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa. Waswahili walikwisha kusema zamani: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Shule inayonena kinga na kutenda maradhi haina uungwana.

Kuna jambo jingine, nalo linanikera kuliko upungufu wa matundu, kwa maana halikuletwa na umaskini. Mwanafunzi aliyechelewa, aliyepiga kelele, au aliyesahau kazi yake ya nyumbani, huambiwa nini katika shule zetu nyingi? Huambiwa: kaoshe choo. Tafakari, ndugu msomaji, somo linalofundishwa kwa maneno hayo mawili. Saa mbili asubuhi mwalimu amesema darasani kwamba usafi ni utu. Saa nne amemtia mtoto katika usafi kama mfungwa anavyotiwa katika kazi ngumu. Mtoto huyo atajifunza kwamba choo safi ni fedheha ya wakosaji, na kwamba mtu mwenye heshima hana habari nacho. Akiwa mkubwa, akawa karani, mkuu wa idara au baba wa nyumba, ataona ni kujishusha kushika ufagio. Kisha tutastaajabu kwa nini vyoo vya ofisi, vya stendi na vya masoko yetu viko jinsi vilivyo! Tulivipanda mbegu wenyewe, tukavitilia maji, navyo vimeota.

Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu, wala isiwe kitu kinachodharauliwa na msomi. Tukiigeuza kazi ya usafi kuwa fimbo, tunaifukia shabaha hiyo kwa jembe lile lile iliyotukabidhi. Iwe zamu, si adhabu. Washike zamu kiranja mkuu na mwanafunzi wa mwisho, mwerevu wa hesabu na mzito wa hesabu. Na siku moja moja mwalimu mkuu mwenyewe ashike ndoo, watoto wamwone. Tendo hilo moja litafundisha zaidi ya kurasa ishirini za kitabu.

Wala tusiwasahau wasichana. Msichana aliyevunja ungo huhitaji mahali pa kujisitiri, maji, na mahali pa kutupia taulo zake. Asipovipata, siku zake za kila mwezi huzimalizia nyumbani, na masomo ya siku hizo yanampita. Zamani somo na kungwi walimfunda mwali namna ya kujitunza, na jambo hilo lilihesabiwa kuwa zito, lenye ngoma na nyimbo zake. Leo tumemchukua mwali kutoka kwa kungwi tukamtia shuleni, jambo ambalo ni la haki. Lakini shule ikaona haya kusema, na kungwi hayupo tena. Kunyamaza huko hakuwezi kuitwa adabu.

Sasa nitasikia hoja ya kwanza: kwamba dawa zipo. Ni kweli. Watoto wa shule hupewa dawa ya kichocho, wakapimwa urefu kwa kijiti chenye alama ili kujua idadi ya vidonge, na jambo hilo limepunguza mateso mengi. Walimu wanaoisimamia kazi hiyo wanastahili shukrani. Lakini dawa huua minyoo iliyokwisha kukomaa mwilini. Haimzuii mtoto kuambukizwa tena Jumamosi atakaporudi bwawani. Kunywesha dawa kila mwaka huku vyoo vikiwa vile vile ni kuchota maji kwa pakacha.

Hoja ya pili ni umaskini. Tutafanyaje, huulizwa, na sisi hatuna bomba? Hoja hii ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo isemwe wazi: vyoo vya shule na maji ya shule ni wajibu wa halmashauri na wa serikali, na hapana kibuyu kitakachoufuta wajibu huo. Darasa jipya lisizinduliwe kwa utepe na vigelegele ikiwa hakuna tundu jipya la choo kwa watoto watakaolijaza. Hiyo ndiyo nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kisingizio. Kibuyu chirizi kinajulikana kote nchini: dumu la lita tano lenye tundu dogo, kamba, mti wa kulining'iniza, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili dumu liiname na maji yatiririke. Sabuni ikikosekana, jivu la jikoni linafaa. Watoto wa darasa la nne wanaweza kutengeneza vitano kwa alasiri moja. Shule isiyokuwa na hata kimoja haikukosa fedha. Imekosa nia.

Tuliwahi kuonyesha nia hiyo. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya elimu ya watu wazima iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini na mijini, wakasikiliza redio kwa pamoja, wakasoma kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, wakajadiliana juu ya malaria, kichocho, safura na maradhi mengine. Kisha, nalo ndilo jambo kuu, kikundi hakikuagana mpaka kimeamua la kufanya. Wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi, wakachimba vyoo maelfu kwa maelfu. Nchi haikuwa tajiri mwaka huo kuliko leo. Wengi wa waliochimba hawakuwa na cheti chochote. Walikuwa na vitu vitatu tu: habari iliyo sahihi, lugha waliyoielewa, na desturi ya kumalizia maneno kwa jembe. Shule zetu leo zina habari nyingi kuliko wao. Ni hivyo viwili vingine tulivyovipoteza njiani.

Nimeitaja lugha, na hapa nitasimama kidogo. Mtoto katika shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili. Akivuka kizingiti cha sekondari, yaani katika umri ule ule anaoanza kuwa na sauti nyumbani, kichocho hubadilika jina. Huwa neno refu la kigeni, lenye herufi nyingi kuliko minyoo yenyewe, naye hulikariri usiku kucha. Anashinda mtihani. Likizo ikifika, mama humwuliza kwa nini mdogo wake anakojoa damu. Kijana hujikuna kichwa. Anajua yote, ila anajua kwa lugha ambayo haina njia ya kufika jikoni kwa mama yake. Elimu imemkwama kooni kama mwiba wa samaki. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa kutumika kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo sekondari zetu bado hufundisha kwa Kiingereza. Sina ugomvi na Kiingereza. Na kifundishwe, tena kifundishwe vizuri. Ugomvi wangu ni na kudhani kwamba kinga ya maradhi ya mwananchi inaweza kupita katika lugha asiyoisema mwananchi. Maneno tunayo: kinga, chanjo, maambukizo, vimelea, mazalio, chandarua. Hatujakosa maneno, tumekosa kuyaamini.

Na katika hili washairi wenzangu nao wasijifiche nyuma ya maua na mahaba. Mtoto wa Kiswahili hushika upesi kilichopangwa kwa vina. Mimi sidai uzuri wowote kwa ubeti ufuatao; natoa mfano tu wa kitu ambacho mwalimu yeyote anaweza kukitunga na watoto wakakiimba wakienda mtoni:

Usikojoe majini, konokono akapewa,
Hulea mwake tumboni, vidudu vikatolewa,
Hupenya mwako ngozini, nawe pasi kutambuwa,
Jenga choo cha shimoni, kichocho kitazuiwa.

Hoja ya tatu, ambayo husemwa kwa sauti ya chini katika vyumba vya walimu, ni mtihani. Tukishika mafagio na vibuyu, husemwa, muhtasari utamalizika lini? Nami nauliza: mtoto anayeumwa tumbo humaliza muhtasari gani? Safura humnyonya damu, damu ikipungua usingizi humjia darasani, na mwalimu humchapa kwa uvivu ambao ni ugonjwa. Malaria humlaza kitandani juma zima. Afya haiuibii mtihani muda, bali ndiyo inayomfikisha mtoto katika chumba cha mtihani akiwa macho.

Huenda mtu akasema kwamba hofu itatufundisha yenyewe. Haitatufundisha. Mwaka 2015 kipindupindu kilizuka Dar es Salaam na kuenea katika mikoa mingi; watu wakachemsha maji, wakaacha kula ovyo njiani. Mwaka 2020 korona ilipoingia, shule zikafungwa mwezi Machi. Na zilipofunguliwa mwezi Juni, kila mlango ulikuwa na ndoo yenye bomba na sabuni pembeni. Ndoo zile ziko wapi? Katika shule nyingi bomba limekatika, ndoo imekwenda kuchotea maji ya chai, na sabuni haikuletwa nyingine. Hofu ilipoondoka iliondoka na usafi wake, kwa kuwa usafi ulikuja kama mgeni wa hofu, haukuja kama mwenyeji. Kuhara na minyoo, kwa upande wao, havikuondoka. Havina makelele ya korona, lakini vipo mwaka mzima, na jike mmoja wa mnyoo wa tumbo hutaga mayai yapatayo 200,000 kwa siku akiwa ndani ya tumbo la mtoto aliyeshika udongo akala bila ya kunawa.

Basi nawaambia walimu: mkaguzi akija, msimwonyeshe madaftari kwanza. Mwonyesheni choo, kisha mahali pa kunawia, kisha zamu ya usafi ilivyobandikwa ukutani ikiwa na majina ya wote. Mkiona haya kumpeleka huko, mmekwisha kujikagua wenyewe. Nanyi wanafunzi wa sekondari, msingoje kuamriwa. Kila mmoja wenu arudi nyumbani likizo hii na jambo moja alilojifunza, alieleze kwa lugha ya nyumbani kwao, kisha alitende mbele ya wadogo zake: achimbe, afukie, afunike, au atundike kibuyu chirizi penye njia ya kutoka chooni. Mzee akicheka, mcheke pamoja naye, kisha mmwagie maji mikononi kwa adabu, kama babu zake walivyowamwagia wageni wao.

Maradhi hayakuja shuleni kusoma, wala hayaogopi daftari lililojaa alama za vema. Yanaogopa mkono ulionawa, shimo lililofunikwa, na mtoto aliyezoea kufanya hivyo hata pasipo mtu wa kumtazama.